Shajara ya mradi: Jinsi gazeti la mtaa linavyoundwa Nakuru

Kabla ya kuanza

Kikundi chetu cha wasomaji huko Njoro kinataka kuanzisha gazeti dogo la Kiswahili, kurasa nane, litoke mara moja kwa mwezi. Kabla ya kumwomba mtu yeyote mchango, tulikubaliana mmoja wetu akae na watu ambao tayari wanaifanya kazi hii, aifuate tangu karatasi ikiwa tupu hadi mzigo unapofungwa nyuma ya boda boda. Jukumu likaniangukia mimi, nami nimelipokea kwa furaha.

Wenyeji wangu wana chumba kimoja Nakuru mjini, upande wa Bondeni, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wameomba nisiwataje wao wala gazeti lao, kwa hiyo nitawaita kwa kazi zao. Mhariri ni mwalimu mstaafu na kila mtu humwita Mwalimu. Kuna msanifu wa kurasa, dada wa makamo aliyejifunza kazi hiyo kwa kutengeneza kadi za harusi. Kuna Mama Matangazo, na vijana wawili wanaoandika kwa kujitolea. Basi.

Jumatatu: karatasi tupu

Kazi ilianza kwa kukunja. Mwalimu alichukua karatasi mbili za kawaida, akaziweka moja ndani ya nyingine, akazikunja katikati na kuandika namba pembeni kwa penseli, moja hadi nane. Kisha akazikunjua na kuzitandaza mezani. Ukurasa wa 1 ulikuwa umelala ubavuni mwa ukurasa wa 8. Nyuma yake kulikuwa na 2 na 7. Karatasi ya ndani ilibeba 3 na 6 upande mmoja, 4 na 5 upande wa pili. Kila jozi ukiijumlisha unapata tisa, na msanifu hujikagua kwa hesabu hiyo kabla ya kutuma chochote kwa mpiga chapa.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoamua gharama. Mpiga chapa wao anatumia mabamba ya alumini, na kila rangi inahitaji bamba lake. Picha ya rangi hupatikana kwa wino wa aina nne: samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Gazeti zima likiwa la rangi, pande nne za karatasi zinadai mabamba 16. Likiwa na rangi upande wa nje tu, yaani ukurasa wa 1 na wa 8, yanatosha mabamba saba. Mwenye duka aking'ang'ania tangazo lake la rangi liwe ukurasa wa 3, mabamba yanapanda hadi kumi, na ukurasa wa 6 unapata rangi hata kama hauna cha kupaka. Ndiyo maana nafasi za rangi wanazouza zote ziko ukurasa wa 8.

Jambo lingine nililoandika na kupigia mstari: huwezi kuongeza ukurasa mmoja. Karatasi ikikunjwa inazaa kurasa nne. Habari nzuri ikija dakika za mwisho, ama nyingine inatoka, ama hiyo mpya inangoja mwezi ujao.

Jumanne: Mama Matangazo

Yeye ndiye wa kwanza kuingia kwenye kurasa. Alikuja na daftari lake: duka la dawa za mifugo, chuo cha ushonaji, fundi wa matangi ya maji, kinyozi mpya, mtu anayeuza vifaranga. Anayelipa kabla ya Alhamisi ana nafasi, anayeahidi kulipa hana, na hapo hana mjadala. Akimaliza, kwenye kurasa nane zinabaki kama tano na nusu za habari.

Palikuwa na mfanyabiashara aliyetaka ufunguzi wa duka lake uandikwe kama habari, pamoja na picha yake akikata utepe. Alikuwa tayari kulipa mara mbili. Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba pesa za wafanyabiashara hazijawahi kuwa aibu kwenye magazeti ya nchi hii, kwani hata The Standard lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara, Alibhai Mulla Jeevanjee. Lakini tangazo lake litawekewa fremu na neno TANGAZO juu yake, kama la kinyozi. Yule bwana alikubali, akaondoka bila kinyongo. Nimeona kwamba kulisema jambo hilo mapema, na kwa kila mtu kwa namna moja, kunapunguza ugomvi mwingi.

Jumatano: mkutano wa habari

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa gazeti la mtaa linatofautianaje na lile la taifa.

Kijana mmoja alileta habari ya kisima cha kuuza maji mtaani, na kichwa chake kilikuwa tayari: MAJI YA SUMU. Anayeishi Nakuru anajua chanzo cha wasiwasi huo. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa huachia floridi kwenye maji ya chini ya ardhi, na watu wengi waliokulia huku wana meno yenye madoa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki kwenye sufuria, na yanayosalia yanakuwa nayo zaidi. Kinachosaidia ni vichujio maalumu, kama vile vya mkaa wa mifupa ambavyo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imekuwa ikivitengeneza. Kwa hiyo habari yenyewe ilikuwa na mashiko.

Mwalimu akaanza kuuliza. Nani amepima maji ya kisima hiki? Lini? Sampuli ilichukuliwa bombani au ndani ya tangi? Kijana alikuwa na maneno ya majirani na picha za watoto wakiwa wamefumbua midomo. Mwalimu akazitazama zile picha kwa muda mrefu, kisha akaeleza mambo mawili. La kwanza, nyuso za watoto hazitoki gazetini kwa habari ya namna hii, watashikwa na jina la meno mabovu shuleni hadi wamalize. La pili ndilo lililonishangaza. Madoa ya floridi huingia jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi. Meno ya mtoto wa miaka kumi yanasimulia maji aliyokunywa akiwa mdogo zaidi, huenda akiwa kwingine kabisa, kwa bibi yake au mtaa waliohama. Hayawezi kukishtaki kisima kilichochimbwa juzi.

Uamuzi ulikuwa huu: mwenye kisima aambiwe kwamba maji yake yatapimwa, sampuli ipelekwe maabara, na habari ya kisima ingoje majibu. Nafasi yake ukurasa wa 3 ikapewa makala ya maelezo: floridi inatoka wapi, inawadhuru nani zaidi, nini cha kufanya na nini hakisaidii. Kijana hakufurahi. Lakini aliiandika makala yenyewe usiku huo huo, na ni nzuri.

Mwenye kisima anaishi hapo hapo. Mke wake ana kibanda cha mboga ambako Mwalimu hununua sukuma wiki. Watoto wake wanasoma na watoto wa msanifu. Niliuliza kama ujirani huo hauwafungi mdomo. Mwalimu akasema unawafunga kusema wasichokijua tu. Habari ikiwa na kipimo cha maabara, atampelekea mwenye kisima nakala yeye mwenyewe, kwa mkono.

Habari ya pili ya mkutano ilikuwa basari za wadi. Wazazi wanauliza ni vigezo gani vilitumika. Ofisi husika haijajibu kwa mdomo, kwa hiyo wameandika barua rasmi kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, au saa 48 ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Kwenye kalenda ya ukutani tarehe ya mwisho imezungushiwa wino mwekundu. Gazeti la kila mwezi linaoana vizuri na sheria hiyo: barua inatoka pamoja na toleo hili, na jibu, au kutojibiwa, ni habari ya toleo lijalo.

Alhamisi: tanzia

Ukurasa unaosomwa kuliko yote ni wa 7, wa matangazo ya vifo. Ndio pia unaochukua muda mwingi kuliko ukurasa wa kwanza.

Asubuhi aliingia mama mmoja na shemeji yake kuleta tangazo la mzee wao. Lilikuwa limeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari: mwana wa marehemu fulani, mume wa fulani, baba ya hawa, babu ya wale, shemeji wa wale. Marehemu alikuwa na nyumba mbili. Watoto wa nyumba ya kwanza walitajwa mmoja mmoja. Wa nyumba ya pili walikuwa ndani ya neno "wengine".

"Mama, pole sana," Mwalimu alisema. "Hawa wengine ni wangapi?"

"Ni wanne, Mwalimu."

"Nao watakuwepo mazishini?"

Mama akanyamaza. Shemeji akajibu kwamba watakuwepo, na kwamba wawili kati yao ndio waliolipa mochari.

Mwalimu hakuwaamulia. Aliwaeleza utaratibu wa gazeti: tangazo la kifo linatiwa sahihi na watu wawili wa familia, na panapokuwa na nyumba mbili, sahihi inatoka kila nyumba. Wakaenda. Walirudi jioni na kijana wa nyumba ya pili, na orodha mpya ambamo watoto wote walikuwa wamepangwa kwa kuzaliwa kwao, mkubwa hadi mdogo, bila kutenganishwa. Sijui walizungumza nini huko nyumbani. Kijana aliisoma orodha yote kwa sauti, polepole, kisha akatia sahihi.

Baada ya hapo msanifu alikagua mambo matatu. Saa: haandiki "saa mbili" peke yake, ni "saa mbili asubuhi", kwa sababu msafara wa mazishi haungoji mtu. Mahali: si jina la kijiji tu, ni pamoja na kanisa au shule iliyo karibu na njia panda. Na namba ya M-Pesa ya michango: aliiingiza kwenye simu yake kana kwamba anatuma pesa, akasoma jina lililojitokeza, akamwonyesha kijana, kisha akaghairi. Tarakimu moja ikikosewa, rambirambi za ukoo mzima zinakwenda kwa mtu asiyehusika.

Ijumaa: kupanga na kukata

Wanatumia Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, kwenye kompyuta ya mezani iliyonunuliwa mtumba. Ukurasa una safu tatu. Maandishi ni ya pointi tisa, na Mwalimu amekataa kuyapunguza hata kama yangetosha zaidi, kwani wasomaji wake wengi ni wazee.

Picha zinasumbua. Karibu zote huja kwa WhatsApp, ambayo huzibana ili zisafiri upesi. Kwenye simu inaonekana safi, kwenye karatasi inakuwa ukungu. Picha ya kujaza upana wa ukurasa, sentimita 18, kwa nukta 300 za kila inchi, inahitaji takriban pikseli 2,100 kwa upana. Msanifu amewafundisha vijana kutuma picha kama faili ya hati badala ya kama picha, na tatizo limepungua sana. Hili tutalichukua kama lilivyo.

Habari iliyopewa ukurasa wa kwanza ilikuwa ya mtaro uliofukuliwa mbele ya maduka na kuachwa wazi. Ilizidi nafasi kwa aya nne. Kawaida msanifu hukata kutoka chini, na waandishi wanajua, ndiyo maana uzito wote huwekwa juu. Lakini aya ya mwisho ya habari hii ilikuwa na jibu la mkandarasi: kwamba alisimamisha kazi akingoja vifuniko vya zege. Ingekatwa, msomaji angepata malalamiko matupu.

Mwalimu aliinua aya hiyo na kuiweka ya tatu kutoka juu. "Jibu la anayelalamikiwa halikai mkiani," alisema, na nikagundua kwamba vijana wanaijua kauli hiyo kwa moyo. Ukiliweka chini unampa msanifu kisu, na msanifu hana kosa, anafuata nafasi. Niliandika sentensi hiyo kwenye jalada la daftari langu. Haki ya mtu inalindwa na mahali aya yake ilipokaa.

Kisha kichwa cha habari. Cha kwanza kilikuwa "Wafanyabiashara walalamikia mtaro ulioachwa wazi": kirefu mno kwa safu mbili. Kijana akapendekeza "Mtaro wazi, maduka matupu". Mwalimu akauliza ni duka gani tupu. "Mtaro wazi, wateja wapungua"? Nani amewahesabu? Mwishowe kikawa "Mtaro wazi tangu Aprili". Kinaingia vizuri, na yeyote anayepita hapo anaweza kusema kama ni kweli.

Jumamosi: prufu

Stima ilipotea tangu asubuhi, lakini kurasa zilikuwa zimeshachapwa kwenye karatasi usiku uliotangulia, kwa hiyo kazi iliendelea kando ya dirisha. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata na kalamu nyekundu. Majina husomwa herufi kwa herufi, pamoja na alama zake: Ng'ang'a, Chepng'eno, Achieng'. Nakuru ina watu wa kila pembe ya Kenya, na kompyuta hula ile alama ya ng' bila kuaga. Mwenye jina huiona kabla hajaona habari yenyewe.

Namba za simu husomwa kutoka nyuma kwenda mbele. Maelezo ya picha hukaguliwa picha ikiwa imefunikwa nusu kwa karatasi, ili jicho lihesabu watu walioko kweli.

Jumatatu: kwa mpiga chapa

Mashine yake ni ya rangi moja, hivyo upande wa nje wa gazeti hupita mara nne. Nilisimama karibu nayo kadiri nilivyoruhusiwa. Bamba limefungwa kwenye silinda. Kwanza hupakwa maji, kisha wino. Wino ni wa mafuta, unakataa palipolowa na kushika palipo na maandishi. Bamba haligusi karatasi: linapiga kwenye silinda yenye mpira, maandishi yanageuka, kisha mpira unapiga karatasi na yanageuka tena yakisomeka sawa. Ndiyo maana unaweza kusoma bamba lenyewe bila kioo.

Karatasi za mwanzo zinatupwa hadi maji na wino vielewane. Pembeni mwa kila karatasi kuna vialama vya msalaba, na mpiga chapa anavitazama kwa lenzi ndogo. Misalaba ya rangi zote ikilaliana, nyuso kwenye picha zinatulia. Ikipishana hata kidogo, mtu anaonekana ana midomo miwili. Alisimamisha mashine kwa ajili ya hilo mara kadhaa bila kuombwa na mtu, na gazeti lenyewe si la mteja mkubwa.

Kukunja ni kwa mkono. Vijana wa kwaya moja hulipwa kwa kazi hiyo, nao walikunja huku wakifanya mazoezi ya nyimbo.

Jumatano: mitaani

Mzigo unakwenda kwa boda boda hadi Kaptembwa, Rhonda, Flamingo na Free Area: vinyozi, hoteli, vibanda vya M-Pesa, makanisa na msikiti mmoja. Muuzaji hulipa anapochukua toleo jipya, na hurudisha mabaki ya la zamani. Mabaki ndiyo yanayoamua idadi ya kuchapa mwezi ujao.

Hazikupita saa nyingi kabla hajapanda ngazi mtu wa kwanza. Majina ya wachezaji wawili kwenye picha ya mpira yamebadilishana. Mwalimu alimshukuru, akamwita kijana aliyeandika ili waketi wote watatu, na sahihisho likaandikwa hapo hapo kwa ajili ya ukurasa wa 2, pembe ile ile ya kila mwezi. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 ilikuja na kanuni za maadili zinazotaka makosa yasahihishwe upesi, lakini hapa ngazi zenyewe zinatosha kuwasukuma. Msomaji ana miguu na anajua mlango ulipo.

Tulipofika

Nimewasilisha haya kwa kikundi. Tumekubaliana mambo ya kuanzia nayo: kurasa nane, rangi upande wa nje pekee, pointi tisa, fremu kwa kila tangazo, sahihi mbili kwa kila tanzia, na jibu la anayelalamikiwa lisishuke chini ya aya ya tatu. Hilo la mwisho ndilo nililolipigania zaidi, na sitaki lilegezwe.

Kizito kilichobaki ni usajili. Sheria ya Vitabu na Magazeti inataka jina na anwani ya mchapishaji na mpiga chapa zionekane kwenye kila toleo, na inataka dhamana, ambayo marekebisho ya mwaka 2002 yaliipandisha kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi milioni moja. Kwa kikundi cha Njoro hicho ni kiasi cha kukatisha tamaa, na naona ni kanuni inayowaumiza wadogo kuliko wakubwa. Wenyeji wangu walipata wadhamini baada ya kuzunguka muda mrefu, na wamekubali kutuonyesha njia waliyopita. Wiki ijayo tunakutana na wakili, tukiwa na makadirio ya mpiga chapa mkononi, na dada msanifu atakuja Njoro Jumamosi kuwafundisha wenzetu wawili Scribus. Nauli na chakula chake tumeshachangishana.